Tamko la Pili: Mwongozo kwa Anayefungua Mnada wa Briji

Anayejifunza briji huhangaika sana na swali la kwanza: nifungue mnada au nipite? Akishafungua huona kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Ukifungua kwa pau 1 umemwambia mwenza wako machache mno: kwamba una pointi 12 au zaidi, na pau tatu au zaidi. Mkono wa pointi 12 hufungua hivyo, na mkono wa pointi 20 nao hufungua hivyohivyo. Mwenza aliyekaa mkabala nawe ameshika karata zake 13 na zako hazioni. Ataanza kukujua vizuri utakapotaja mara ya pili. Tamko hilo lina deni la ukweli: liseme nguvu yako ilivyo na umbo la mkono wako lilivyo, bila kuongeza na bila kupunguza.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wachezaji wa Kasulu na Kibondo: walimu, wauguzi, wanachuo, wenye maduka, watumishi wa kambi za wakimbizi, yeyote ambaye jioni ya mvua ana meza, taa na karata. Kama umewahi kucheza arubastini, tayari unajua maana ya turufu na unajua kukaa na mwenza. Kigeni kwako kitakuwa mnada, na ndani ya mnada, tamko la pili ndilo linalohitaji mazoezi zaidi kuliko yote.

Makubaliano ya meza

Kaeni wanne, wawili dhidi ya wawili, wenza wakitazamana. Karata zote 52 zinagawiwa, kila mtu 13. Kila mmoja akitupa karata moja, nne hizo ni pigo moja, kwa hiyo mchezo una mapigo 13. Kwenye mnada mnashindania haki ya kuchagua turufu kwa kuahidi idadi ya mapigo. Namba unayotaja unaijumlisha na sita: kopa 1 ni ahadi ya mapigo saba, kopa 4 ni mapigo kumi.

Aina zina ngazi zake. Ya chini ni pau, inafuata uru, kisha kopa, kisha shupaza, na juu ya zote ni bila turufu. Tamko jipya lazima lipande juu ya lililotangulia. Kopa na shupaza tuziite aina kubwa. Pau na uru, aina ndogo. Tofauti hiyo ina faida mezani, kwa sababu zawadi ya gemu inapatikana kwa bila turufu 3, kwa kopa 4 au shupaza 4, lakini kwa aina ndogo lazima ufike 5. Mpango huu wa kulipa gemu pale tu inapotajwa kwenye mnada ndio uliotengeneza briji ya leo. Mmarekani Harold Vanderbilt aliukamilisha mwaka 1925 akiwa safarini kwa meli kupitia mfereji wa Panama. Tangu hapo haitoshi kushinda mapigo mengi. Lazima uwe umeyaahidi. Ndiyo maana wenza wanahitaji kuelezana vizuri.

Nguvu ya mkono hupimwa kwa pointi: ree (A) 4, mfalme (K) 3, malkia (Q) 2, jeki (J) 1. Karata zote zikijumlishwa ni pointi 40. Wenza wenye jumla ya takriban 25 wanastahili gemu ya bila turufu au ya aina kubwa. Gemu ya aina ndogo hutaka takriban 29.

Kubalianeni haya kabla ya kugawa:

- Kufungua kopa 1 au shupaza 1 ni karata tano au zaidi za aina hiyo.
- Mkono usio na tano za aina kubwa hufungua kwa aina ndogo iliyo ndefu.
- Bila turufu 1 ni pointi 15 hadi 17 na mkono uliosawazika, yaani hakuna aina yenye karata moja wala isiyokuwepo, na aina yenye karata mbili haizidi moja.
- Mwenza akitaja aina mpya ngazi ya kwanza ana pointi 6 au zaidi. Akiitaja ngazi ya pili ana 10 au zaidi.

Aliyefundishwa mtindo wa Kiingereza atakwambia bila turufu 1 ni pointi 12 hadi 14. Naye yuko sahihi kwa meza yake. Chagueni mtindo mmoja na mshikamane nao, kwa kuwa tamko la pili lote linategemea maana ya tamko la kwanza.

Vikapu vitatu vya nguvu

Kabla hujafungua kinywa mara ya pili, weka mkono wako katika kikapu kimojawapo:

1. Mdogo: pointi 12 hadi 15.
2. Wa kati: pointi 16 hadi 18.
3. Mkubwa: pointi 19 hadi 21.

Kisha jiulize umbo. Je, nina karata nne za aina aliyotaja mwenza? Je, mkono umesawazika? Je, nina aina moja ndefu ya karata sita? Je, nina aina mbili? Ukishapata majibu hayo mawili, kikapu na umbo, tamko lako karibu linajitaja lenyewe. Linalobaki ni kusikiliza mwenza kasema nini.

Mwenza akiunga mkono aina yako

Umefungua kopa 1, mwenza kataja kopa 2. Anasema: nina kopa tatu au zaidi, na pointi 6 hadi 9. Turufu imeshapatikana, kilichobaki ni hesabu. Ukiwa mdogo, pita, maana hata akiwa na 9 hamtafika. Ukiwa wa kati, taja kopa 3, ambalo ni swali: una 8 au 9? Twende. Una 6 au 7? Tuishie hapa. Ukiwa mkubwa, taja kopa 4 mwenyewe. Usimuulize mwenza jambo ambalo jibu lake unalijua.

Akikurukia moja kwa moja hadi kopa 3, ana takriban pointi 10 hadi 12. Hapo wewe pita ukiwa na 12 au 13 tupu, na ukiwa na zaidi nenda kopa 4.

Mwenza akijibu bila turufu 1

Hili ni jibu la pointi 6 hadi 9, na halikulazimishi kusema tena. Mkono uliosawazika wa 12 hadi 14 hupita. Ukiwa na aina ya pili iliyo chini ya ile ya kwanza, itaje ngazi ya pili. Ukiwa na sita za aina yako, irudie. Ukiwa na 18 au 19 zilizosawazika, taja bila turufu 2 umwachie mwenza aamue.

Mwenza akitaja aina mpya ngazi ya kwanza

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo usipopita kamwe. Mwenza aliyetaja aina mpya anaweza kuwa na pointi 6, na anaweza kuwa na 16. Ukipita unaweza kuacha gemu mezani. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, na usimame kwenye ya kwanza inayoufaa mkono wako.

*Kwanza, unga mkono aina kubwa ya mwenza ukiwa na nne.* Umefungua pau 1, mwenza kasema shupaza 1, nawe umeshika:

Shupaza: K 9 6 2
Kopa: A 5
Uru: J 7 3
Pau: A J 8 4

Ni pointi 13, kikapu kidogo. Taja shupaza 2. Ungekuwa wa kati, ungetaja shupaza 3. Mkubwa, shupaza 4. Usitafute njia nyingine yenye mapambo. Mwenza aliyetaja shupaza ana nne au zaidi, wewe una nne, turufu nane zinawatosha.

*Pili, taja aina kubwa ya karata nne kama bado ina nafasi ngazi ya kwanza.* Umefungua uru 1, mwenza kasema kopa 1, nawe una shupaza nne: sema shupaza 1. Tamko hili ni la bei nafuu, na linaweza kubeba mkono mdogo au wa kati.

*Tatu, kama mkono umesawazika, sema bila turufu.* Tazama huu, uliofunguliwa kwa uru 1 na mwenza akajibu shupaza 1:

Shupaza: Q 7
Kopa: K J 5
Uru: A Q 8 4
Pau: 10 9 6 3

Pointi 12, umesawazika: bila turufu 1. Kwa tamko hilo mwenza anajua una 12 hadi 14, kwa kuwa ungekuwa na 15 hadi 17 ungefungua kwa bila turufu. Sasa zitoe 10 na 9 za pau, uweke ree na malkia mahali pake. Pointi zimefika 18, na tamko linaruka hadi bila turufu 2. Umbo ni lilelile, nguvu ni nyingine, na mwenza amezisikia zote mbili kwa neno moja.

*Nne, rudia aina yako ukiwa na karata sita.* Umefungua kopa 1, mwenza shupaza 1:

Shupaza: 7 4
Kopa: A K J 9 6 3
Uru: Q 5 2
Pau: K 8

Pointi 13: kopa 2. Badala ya Q 5 2 za uru ungekuwa na A Q 5, ungefika 17, na ungeruka hadi kopa 3. Kurudia aina ni kusema una karata zaidi ya zile ulizokwisha kuahidi. Mwenye tano tu anayerudia aina yake hajaongeza kitu, isipokuwa pale ambapo hana tamko jingine lililo bora.

*Tano, taja aina ya pili iliyo chini ya ile ya kwanza.* Kopa 1, shupaza 1, uru 2: kopa tano, uru nne, mkono mdogo au wa kati. Ukiwa mkubwa, ruka ngazi moja, useme uru 3, na hapo wote wawili mmefunga safari ya kwenda gemu. Hakuna kupita njiani.

Aina ya pili iliyo juu ya ya kwanza

Mahali ambapo wenza wengi hupoteana ni hapa. Soma mikono hii miwili polepole. Yote imefunguliwa kwa pau 1, na kwa yote mwenza kajibu shupaza 1.

Mkono wa kwanza:

Shupaza: 8
Kopa: A Q 9 5
Uru: K 7
Pau: A K J 6 4 3

Mkono wa pili:

Shupaza: 8
Kopa: Q J 9 5
Uru: K 7
Pau: A Q J 6 4 3

Umbo ni lilelile: pau sita, kopa nne, uru mbili, shupaza moja. Wa kwanza una pointi 17, wa pili una 13. Wa kwanza utaje kopa 2. Wa pili utaje pau 2, na zile kopa nne zibaki kimya.

Sababu iko kwenye ngazi. Ukisema kopa 2, mwenza anayezipenda pau zako kuliko kopa hana njia ya kurudi ila kwa pau 3. Umempandisha ngazi ya tatu, ahadi ya mapigo tisa, pengine yeye akiwa na pointi 6 tu. Ukiwa na 17, jumla ni 23 na pau zenu zinaweza kuubeba mzigo huo. Ukiwa na 13, jumla ni 19, na mnaelekea kuanguka. Kwa hiyo wenza wote wanaoelewana husoma tamko hili kwa namna moja: aina ya pili iliyotajwa ngazi ya pili, na iliyo juu ya ile ya kwanza, ni mkono wenye 16 au 17 na kuendelea, na aina ya kwanza ni ndefu kuliko ya pili. Mwenza haruhusiwi kulipita.

Linganisha na kopa 1, shupaza 1, uru 2. Hapo mwenza anayezipenda kopa anarudi kwa kopa 2, ngazi ileile. Hakuna gharama, kwa hiyo hakuna sharti la nguvu. Kila unapotaka kutaja aina ya pili, uliza: mwenza akitaka kurudi kwenye aina yangu ya kwanza, atarudi ngazi ipi? Jibu likiwa ngazi ya tatu, hesabu pointi zako upya kabla ya kusema.

Mwenza akitaja aina mpya ngazi ya pili

Umefungua shupaza 1, mwenza kasema pau 2. Ana pointi 10 au zaidi, na ni lazima useme tena. Kanuni ni zilezile: aina ya pili ya chini ukiwa nayo, kurudia yako ukiwa na sita, kuunga mkono yake ukiwa na nne, bila turufu 2 ukiwa umesawazika na mdogo. Tofauti ni kwamba gemu sasa iko karibu. Mwenye 15 na kuendelea ahakikishe mnada haukatiki chini ya gemu.

Macho, mdomo na sauti

Kwenye karata za barazani kumkonyeza mwenza ni sehemu ya utamu. Kwenye briji ni marufuku. Huruhusiwi kumweleza mwenza jambo lolote kwa uso, kwa kusitasita, wala kwa namna unavyotamka "kopa". Maelezo yote yanapita kwenye tamko lenyewe, na wapinzani wana haki ya kujua maana yake kama mwenza wako anavyoijua. Mashindano makubwa hutumia kadi za kutajia ili sauti isisikike. Nanyi mnaweza kutengeneza za kwenu: kata boksi la katoni vipande 35, maana ngazi saba mara tano ni 35, andika tamko moja kwenye kila kimoja, kisha ongeza vya kupita. Kila mchezaji awe na seti yake. Mezani mtajikuta mnafikiri zaidi.

Mazoezi ya watu wawili, na ya miji miwili

Tamko la pili halihitaji watu wanne kujifunza. Kaa na mwenza mmoja, changanya karata, gawa 13 kwako na 13 kwake, nyingine 26 ziweke pembeni zikiwa zimefunikwa. Nadini kana kwamba wapinzani wanapita kila mara. Mkimaliza, lazeni karata zenu wazi na mzungumze:

"Mwalimu, ulitaja kopa 2 juu ya pau. Nikakuhesabia 17."

"Nina 13. Nilitaka uzione kopa zangu."

"Nimeziona, lakini zimetufikisha pau 3 na hatuziwezi."

Mazungumzo ya namna hiyo, bila hasira na karata zikiwa wazi mezani, hufundisha kuliko kucheza usiku mzima. Mgawo wenye karata za kuchosha, ambamo hakuna anayeweza kufungua, urudisheni mgawe tena.

Hatua inayofuata ni kuunganisha meza ya Kasulu na meza ya Kibondo. Kwenye kila meza, mwenza mmoja muiteni wa kaskazini na mwingine wa kusini. Wenza wa Kasulu wanadi mgawo wao na kuandika matamko kwenye daftari. Kisha kila mmoja anaandika karata zake 13 kwenye karatasi yake, anaipiga picha na kumtumia mtu mmoja tu wa Kibondo: wa kaskazini kwa wa kaskazini, wa kusini kwa wa kusini, ili asiwepo anayeona mikono miwili. Wenza wa Kibondo wananadi karata zilezile bila kujua Kasulu waliishia wapi. Baadaye mnalinganisha. Meza moja ikifika shupaza 4 na nyingine ikaishia shupaza 2, tafuteni njia zilipoachana. Mara nyingi mtaikuta kwenye tamko la pili la aliyefungua.

Michuano ya Bermuda Bowl, ubingwa wa dunia wa timu ulioanza mwaka 1950, inatumia utaratibu huohuo: karata zilezile zinachezwa kwenye meza tofauti, kwa hiyo bahati ya mgawo haimpi mtu ushindi. Mkiwa wanane, wanne kila mji, mnaweza kutumiana mikono yote minne na kuicheza hadi mwisho.

Jipime

Funika majibu kwa mkono, uandike ya kwako kwanza.

1. Umefungua shupaza 1, mwenza shupaza 2. Una shupaza A K 8 7 4, kopa A 6, uru K Q 5 3, pau 9 7.
2. Umefungua uru 1, mwenza kopa 1. Una shupaza A Q 6 2, kopa 5 4, uru K J 9 7 5, pau K 8.
3. Umefungua kopa 1, mwenza bila turufu 1. Una shupaza 8, kopa A K 10 7 5, uru A J 6 3, pau 9 7 4.
4. Umefungua pau 1, mwenza kopa 1. Una shupaza A 7, kopa K Q 8 5, uru A 9, pau A Q 10 6 3.
5. Umefungua uru 1, mwenza shupaza 1. Una shupaza 9 3, kopa A J 7 2, uru K Q J 8 4, pau Q 6.

Majibu:

1. Shupaza 3. Pointi 16, kikapu cha kati: muulize mwenza.
2. Shupaza 1. Aina kubwa ya karata nne, na nafasi ipo ngazi ya kwanza.
3. Uru 2. Aina ya pili iko chini ya ya kwanza, na mkono wenye karata moja ya shupaza haupendezi kuchezwa bila turufu.
4. Kopa 4. Pointi 19 na kopa nne. Hata mwenza akiwa na 6 mmefika 25.
5. Bila turufu 1. Kopa 2 ingedai 16 au 17 nawe una 13. Uru 2 ingedai sita nawe una tano. Una aina mbili zenye karata mbilimbili, kwa hiyo mkono haujasawazika barabara, lakini hili ndilo tamko linalokosea kidogo zaidi.

Ukiwa umepata yote matano, anza leo mazoezi ya watu wawili. Ukikosa la tano, rudi kwenye sehemu ya aina ya pili iliyo juu, gawa karata, na uulize kila mara mwenza atarudi ngazi ipi.